Nilipoulizwa Wazo ni la Nani, Niligonga Kofia

Mshauri mpendwa wa gazeti letu,

Salamu kwanza, msaada baadaye. Mimi si mtu wa kuandika barua, shule niliiacha mapema kwa sababu ilikuwa inanichelewesha na mpaka leo sijaona nilichokosa, lakini safu yako naisoma kila wiki, naisoma polepole mpaka mwisho, na nimeona unavyowapa watu vidonge vyao, hasa waume wakorofi na vijana wanaosumbuliwa na mapenzi, sasa shida yangu mimi si ya mapenzi, umri huo niliupita nikiwa mbele ya wenzangu, shida yangu ni ya kazini na ya nyumbani na zimefungwa kamba moja, na sikuandikii kwa kuwa sijui la kufanya, najua, ila nataka mtu mwingine mwenye akili aseme niko sawa ili watu wa nyumbani kwangu waache kuninunia.

Kazi yangu ni mafuta. Niko kwenye bohari la mafuta, yale matangi makubwa meupe ambayo ukiyaona kwa mbali unadhani ni majengo yasiyo na madirisha, humo mna petroli na dizeli zinasubiri malori, na mkubwa wa matangi ni mimi, wananiita Mzee Tangi, mameneja wamekuja na kuondoka kama wageni wa harusi na mimi nipo. Kazi ya mkubwa wa matangi ni kupanda ngazi, kushusha utepe wa kupimia, kujua mafuta yamebaki kiasi gani, na kubwa kuliko yote ni kutoa maji. Wewe mtu wa gazeti huenda hujui kwamba maji huingia tangini, mengine ni ya mvua na mengine ni jasho la bati lenyewe, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko mafuta hukaa chini kabisa, basi unafungua valvu ya chini unayaachia mpaka dizeli ianze kuja. Wengine wanataka vipimo ili wajue maji yamekwisha, mimi natia vidole, nasugua, nanusa, nimemaliza. Halafu kuna mtindo wangu ambao nimewafundisha wote pale, tunauita kusuuza koo, yaani maji yakikwisha hufungi valvu papo hapo, unaiacha dizeli nayo ikimbie kidogo, ndoo hivi, wakati mwingine na nyingine, isuuze koo la tangi lisibaki hata tone la maji, na hakuna dereva aliyewahi kurudi kulalamika kwamba mafuta yaliyopita mikononi mwangu yana maji. Hilo liandike vizuri.

Sasa mwaka huu kampuni ikaleta jambo linaitwa uongozi wa uendelevu. Tukaitwa ukumbini, wakatupa kalamu na chupa za maji, akasimama kijana wa makao makuu mwenye viatu vilivyochongoka akasema sekta ya mafuta inabadilika, dunia inatutazama, kwa hiyo kila msimamizi lazima ajiendeleze kitaaluma mpaka awe kiongozi wa uendelevu, na asiyepita mafunzo haya atauacha usimamizi. Nikanyoosha mkono nikamwambia, "Kijana, uendelevu ni kuendelea, na humu ndani aliyeendelea kuliko wote ni mimi, kwa hiyo nipeni cheti changu twende tukale." Watu wakacheka, yeye akaandika.

Halafu mambo yakageuka. Wakasema mafunzo si ya darasani, yatakuwa ya kulelewa, nikasema sawa, kulea nimezoea, leteni hao vijana. Wakasema hapana mzee, safari hii mdogo ndiye atakayemlea mkubwa, atakwenda naye kazini, atamuuliza maswali, atamfundisha haya mambo mapya ya mazingira. Majina ya wadogo yakatiwa ndani ya kofia ngumu ya kazi, yakatikiswa, kila mkubwa akachota lake. Mimi nikamchota mke wa mwanangu.

Hapo nikueleze. Mwanangu ni mchomeleaji, ana karakana yake, na mkewe amesomea mambo ya mazingira, akaajiriwa pale bohari kwa mkataba wa muda, wafanyakazi wanamwita Madamu Mazingira. Tunakaa uzio mmoja, mimi nyumba ya mbele, wao na watoto nyumba ya nyuma. Ni binti mwenye adabu, siwezi kumsingizia, kila asubuhi "Shikamoo baba", na chai yangu haijawahi kunifikia imepoa. Ofisa utumishi aliposikia kwamba ni mkwe wangu akataka nichote tena, mimi nikakataa, nikasema kazi ni kazi na undugu ni wa nyumbani, mbele za watu nikaonekana mtu wa haki, lakini moyoni nilisema hapa nimepata mteremko, huyu ananiogopa, atanipitisha bila kuniuliza kitu.

Akaniuliza. Siku ya kwanza tu, nasuuza koo la tangi moja la dizeli, yeye kasimama pembeni na buti zake na kofia yake, akasema, "Baba, samahani, hii inayotoka sasa bado ni maji?"

Nikamwambia, "Maji yamekwisha. Hii ni dizeli, inasafisha njia."

"Inakwenda wapi?"

"Mtaroni."

"Na mtaro unakwenda wapi?"

"Mtaro unakwenda kwao."

"Kwao ni wapi, baba?"

Nikamwambia mtaro ni mtu mzima, hauulizwi unakokwenda. Spana, fundi wetu wa pampu, mtu wa mdomo sana, alikuwa karibu akacheka mpaka akashika bomba. Mke wa mwanangu naye akacheka, halafu akasema, "Basi leo tuusindikize."

Tukausindikiza. Kwanza mtaro unaingia kwenye kisima cha kutenganishia mafuta na maji, hicho nakijua, nilikuwepo kikichimbwa, sema kimejaa tope siku hizi, mvua ikinyesha kinafurika, na kinachofurika kinapita chini ya ukuta kinatoka nje, upande wa nyuma, ambako mimi sijawahi kufika maana sina kazi huko. Kumbe huko nyuma kuna mama ana bustani ya mboga. Alikuwa anamwagilia kwa kopo, alipoona nembo kwenye mashati yetu hata hakutusalimia, akasema, "Afadhali mmekuja. Mimi siku hizi sinunui mafuta ya kupikia, mboga nazichuma zikiwa nayo tayari." Akakata jani akanipa ninuse. Sikuhitaji kulisugua.

Nikamwambia, "Mama, hiyo ni mvua imeleta."

Akasema, "Mvua ninayoijua mimi hainuki lori." Akaendelea na kopo lake, na mke wa mwanangu hakunitazama, alitazama mboga tu.

Sasa sikiliza, hapa ndipo watu wanaponielewa vibaya. Asubuhi iliyofuata mimi mwenyewe, bila kuambiwa na mtu yeyote, niliwakusanya vijana wa matangi nikawaambia kusuuza koo kumekwisha, atakayeachia dizeli mtaroni nitamsuuza yeye. Nani alitoa amri hiyo? Mimi. Ni kweli kwamba wakati tunarudi mke wa mwanangu alikuwa amesema yale ya mwisho yangeweza kupokelewa kwenye kitangi kidogo chenye kifuniko, kina kioo pembeni unaona maji yalivyoachana na dizeli, maji unayatoa chini taratibu, dizeli unairudisha tangi kubwa kwa pampu, isipotee hata kidogo. Akakichora kwa chaki sakafuni kwenye karakana ya mumewe, mwanangu akakata bati jipya nene akakichomelea. Lakini aliyesema miguu yake iwe mirefu ni mimi, kwa jinsi alivyoichora mtu angefanya kazi ameinama. Na kabla sijakubali nilikipinga wiki nzima, na kukipinga kitu nako ni kukifikiria, kwa hiyo ukipima vizuri utaona wazo lilikuwa langu, yeye alitangulia tu kulisema.

Kitangi kikafanya kazi mpaka mtaro ukakauka, ukitafuta dizeli ya kulainisha bawaba huipati. Vijana wakakiita Kitangi cha Mzee, mimi sikuwaambia wakiite hivyo, na sikuwakataza vilevile. Habari zikafika makao makuu, wakubwa wakaja na magari yao, wakakizunguka wakikipiga picha kama bibi harusi, Meneja akaniuliza mbele ya wote, "Mzee, wazo hili limetoka wapi?" Na mimi, mshauri, nakuapia sikusema uongo, sikusema hata neno moja. Niligonga kofia yangu kwa kidole, hapa juu ya paji. Wakapiga makofi. Mke wa mwanangu alikuwa nyuma kabisa amebeba kofia za akiba za wageni, naye akapiga makofi, kwa taabu, kwa sababu mikono ilikuwa imejaa.

Sasa langoni wameweka bango, picha yangu kubwa kuliko dirisha, chini imeandikwa KIONGOZI WETU WA UENDELEVU. Ni picha nzuri sana. Madereva wakipita wananipigia honi.

Tatizo ni hili. Mafunzo yanakwisha mwezi ujao, na utaratibu wao ni kwamba wadogo hawapewi mtihani, mtihani wao ni sisi. Mkubwa anasimama mbele ya jopo na wafanyakazi wote, anaulizwa, "Huyu amekufundisha nini?" na atakachosema kwa kinywa chake ndicho alichonacho mdogo. Mke wa mwanangu akionekana amefundisha, anakuwa mkuu wa mazingira wa mabohari yote ya kampuni, wenyewe wanamtaka. Asipoonekana, mkataba wake ndiyo umekwisha, arudi nyumbani atafute kwingine. Na Meneja amekwisha kumwambia, nikisikia, "Madamu, mimi wasiwasi wangu ni wewe. Kitangi ni cha mzee. Wewe tutasema ulifanya nini?" Akajibu, "Mzee atasema." Basi, akaondoka.

Nyumbani hali ni mbaya kwa sababu ni nzuri. Hanigombezi. Angenigombeza ningemshinda, ujuzi huo ninao, lakini shikamoo ni ile ile na chai ni ile ile. Nikamchokoza makusudi, nikamwambia, "Mama, najua una neno rohoni, litoe tu."

Akasema, "Sina neno, baba. Utasema utakavyoona. Ila ukisema sikukufundisha kitu, nitajua kweli sikukufundisha." Akachukua kikombe changu akaenda kukiosha. Sasa wewe niambie, hiyo ni adabu au ni kisu?

Mwanangu ndiyo kabisa, hapiti tena mbele ya nyumba yangu, anazunguka nyuma kwenye matope. Juzi alikuja kuchukua ngazi, nikamwambia mbona hukai, akasema, "Baba, kile kitangi nilikichomelea mimi. Nilipiga magoti juu ya ile chaki. Usinifanye shahidi ndani ya nyumba yangu."

Nikamwambia, "Unajua unaongea na baba yako?"

Akasema, "Najua. Ndiyo maana nachukua ngazi tu."

Nimefikiria njia za kutokea, mimi sikai na tatizo nikalitazama. Ya kwanza, siku hiyo niugue. Ya pili, niseme nilioteshwa, kitangi kilinijia usingizini kikiwa kamili, hapo hakuna aliyenifundisha na hakuna niliyemnyang'anya. Ya tatu, ambayo naipenda, niseme mke wa mwanangu alinifundisha mambo mengine, mfano kuzima taa za ofisini tukitoka na kutotupa ovyo chupa za plastiki, kitangi kibaki kilipo, yeye apate cheo kwa taa na mimi nibaki na bango, kila mtu kapata chake. Nilimdokeza Spana hii ya tatu akasema, "Mzee, mkuu wa mazingira wa mabohari yote, kwa kuzima taa?" Lakini Spana hajawahi kuwa na mkwe, hawezi kuelewa.

Nifikirie, mshauri. Vijana wote wa matangi nimewafundisha mimi, kushika utepe nimewafundisha mimi, kupanda ngazi bila kutazama chini nimewafundisha mimi. Nikisimama pale nikasema nimefundishwa na binti aliyeolewa kwangu, kesho yake nikimwambia kijana panda juu, atapanda kweli, au ataniuliza kwanza kama mkwe wangu ameruhusu? Nichagulie moja kati ya hizo tatu, na uandike waziwazi kwamba niko sawa, nitalikata gazeti nilibandike sebuleni wote waone. Jina langu usilitoe, ila ukitaka picha ninayo.

Ni mimi, mkubwa wa matangi.


JIBU LA MSHAURI

Mzee wangu, shikamoo. Naitoa sasa hivi kabisa, maana nikishaanza kukujibu huenda nikaisahau.

Umeniomba nikuchagulie moja kati ya tatu. Sichagui hata moja. Ukiugua, jopo litasubiri upone, na ugonjwa wa namna hiyo hautakuwa na dawa ila kusema, kwa hiyo utakuwa umeahirisha tu. Ukisema umeoteshwa kitangi chenye kioo, kifuniko na pampu ya kurudishia, vijana wako kesho watapanga foleni mlangoni kwako uwaotee na namba za bahati nasibu. Na ile ya taa, ambayo unaipenda, ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu mbili za kwanza ni za kukimbia na hiyo ni ya hesabu. Unataka kumlipa mke wa mwanao kwa swichi ya taa. Spana alikuuliza swali moja tu na lilitosha, ukamkwepa kwa kusema hana mkwe. Msikilize Spana.

Unaniapia kwamba hukusema hata neno moja. Mzee, uliulizwa wazo limetoka wapi, ukaonyesha mahali, na mahali hapo hapakuwa penyewe. Kidole nacho kinasema. Na kama kweli ulidhani hujasema kitu, mbona mwanao anapita kwenye matope?

Umesema wazo lilikuwa lako na yeye alitangulia kulisema. Nilipofika hapo niliweka barua chini, nikaenda kunywa maji, nikarudi. Kwa hesabu hiyo hata hili jibu ni lako, mimi nimetangulia tu kuliandika. Miguu mirefu ya kitangi nakuachia. Hiyo ni yako, na migongo ya vijana wako inakushukuru. Vilivyo juu ya miguu si vyako.

Sasa nikuhurumie kidogo, kwa sababu unastahili, ingawa si kwa lile unalolidhani.

Barua yako nimeisoma mara ya pili nikaona kitu ambacho wewe mwenyewe umekiruka. Mtindo wa kusuuza koo ulikuwa wako. Uliubuni, ukajivunia, ukawafundisha wote. Kisha ukapelekwa nyuma ya ukuta, ukanusa jani la mboga ya mtu, na asubuhi iliyofuata ukasimama mbele ya watu wale wale uliowafundisha ukawaambia umekwisha. Nawajua wakubwa wenye vyeti ukuta mzima ambao wangeunda kamati ya kuchunguza lile jani. Wewe hukuunda kamati. Hicho ndicho kampuni yako imekuwa ikikitafuta kwa kalamu na chupa za maji ukumbini, na ulikuwa nacho, na hukukiona kwa sababu ulikuwa unatazama bango. Ukitaka kujisifu, na najua utataka, jisifu kwa hilo: kwamba katika umri wako bado unafundishika. Wapo vijana wa nusu ya umri wako wasioweza kusema hivyo.

Unaogopa vijana hawatapanda ngazi. Mzee, vijana wanajua. Walikuona unatoka langoni na Madamu Mazingira, wakakuona unarudi naye, wakakusikia unakipinga kitangi wiki nzima, na Spana unavyomweleza si mtu wa kukaa na habari peke yake. Bango lile linawadanganya wageni tu. Wenyeji wanalitazama, wanakutazama, halafu wanaangalia kama utasema. Na nikwambie jambo ambalo mtu wa matangi anapaswa kulijua kuliko mimi: kijana aliyemwona mkubwa wake akisema "hili sikulijua" ndiye atakayekukimbilia kukwambia valvu inavuja. Anayeamini mkubwa wake hakosei atanyamaza, asionekane anamfundisha, na mafuta yataendelea kuvuja kwa heshima zote.

Umeuliza kama maneno ya mke wa mwanao ni adabu au ni kisu. Ni adabu, na ndani ya adabu hiyo mna swali, na hukulisikia kwa sababu ulikuwa unasubiri matusi. Binti hakulilia kitangi. Hata cheo hakukitaja. Anataka kujua kama ile safari ya kufuata mtaro ilikuingia, au alikuwa anatembea peke yake na wewe ukiwa kando yake. Hilo hakuna wa kumjibu ila wewe, na ukimjibu kwa taa za ofisini atajua.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye kwa utaratibu huu, usinipindulie.

Leo, sio kesho, nenda nyumba ya nyuma. Nenda wewe, usiwaite waje mbele. Usiende na zawadi, ukienda na zawadi utaongelea zawadi. Mwambie mke wa mwanao, mwanao akisikia, kwamba kitangi ni chake na kwamba uligonga kofia mbele za watu na hukupaswa. Watakwambia hakuna shida, baba. Usikubali upesi hivyo. Kaa kidogo, hata kama hakuna la kuongea.

Kesho ingia kwa Meneja kabla ya jopo, umwambie yeye mwenyewe, asije akasikia ukumbini akadhani mmepanga mchezo wa kifamilia. Mwambie bango lishushwe au liongezwe picha ya pili. Likishushwa utaishi. Uliishi miaka yote hiyo bila honi za madereva na mafuta yako hayakuwa na maji. Na ukiwa ofisini kwake usitoke bila kuzungumzia kile kisima cha kutenganishia. Umeandika kwamba kimejaa tope na kinafurika, kisha ukaendelea na habari za picha yako, na hujaniambia popote kama kimezibuliwa. Kizibuliwe. Kitangi kimezuia dizeli ya leo, tope la zamani bado liko pale linasubiri mvua. Kikishazibuliwa, nenda nyuma ya ukuta umwambie yule mama mwenye bustani kilichofanyika, na umuulize mboga zilizoharibika kampuni itazifidia vipi. Akikutukana, sikiliza mpaka amalize, ana haki ya kumaliza.

Kisha siku ya jopo. Vaa vizuri, simama wima, sauti unayo. Usimwite "huyu mtoto", usimwite "binti aliyeolewa kwangu", pale hajaja kuolewa, amekuja kazini, mtaje kwa kazi yake. Waambie alikuuliza mtaro unakwenda wapi na wewe ulikuwa hujui. Waambie kitangi alikibuni yeye, wewe ulikipinga, akakushinda. Waambie nani anafaa kusimamia mazingira ya mabohari yote na kwa nini, maana katika ukumbi ule hakuna anayeweza kulisema hilo kwa uzito wako, na hapo ndipo ukubwa wako unapohitajika. Usipolisema wewe, binti anafunga virago na kampuni inabaki na bango.

Sentensi chache, mzee. Najua kwako hicho ndicho kigumu. Ukishazisema utasikia neno moja linakupanda mdomoni, neno "lakini". Likifika, funga mdomo, keti.